Bidhaa mbovu haifungwi kwa kitufe

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii sababu si stima kupotea wala uvivu. Nilikuwa naandika makala haya, nayafuta, naandika tena. Leo nimesema liwe liwalo, nayatoa. Waliokuja kusoma habari za simu mpya wanivumilie mpaka wiki ijayo. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu: sisi watengenezaji wa programu tunaoviuzia viwanda mifumo ya kusimamia ubora. Nami nimo katika hao ninaowasema.

Ugomvi ni huu. Tumewazoesha wenye viwanda kuamini kwamba bidhaa mbovu ikishaandikwa kwenye mfumo, na rekodi yake ikafungwa, basi imekwisha. Haijaisha. Iko mahali. Ina kilo, ina gunia, ina mtu aliyeibeba na mtu anayetaka kuinunua. Mfumo usioweza kukuambia gunia hilo liko wapi ni daftari la uongo lenye rangi za kupendeza.

Nianze na kisa chenyewe.

Mwaka 2017 nilipata kazi katika kiwanda kimoja kinachosaga njugu. Sitakitaja jina wala mahali kilipo, na msijisumbue kukisia. Nikikitaja mtasema ni tabia ya mmoja, nami nawaambia si ya mmoja. Kazi niliyopewa ilikuwa kuondoa madaftari. Wakati huo kila kitu kiliandikwa kwa kalamu: njugu zimetoka kwa nani, kilo ngapi, zimepimwa lini, zimepita au hazikupita. Dada wa maabara alikuwa na daftari nene lililoloa mafuta ya njugu mpaka kurasa zinaona upande wa pili. Ukimwuliza bechi ya wiki mbili zilizopita anafunua robo saa.

Nikawajengea mfumo. Kila bechi ikiingia inapewa namba, mashine inachapa stika yenye namba na msimbo pau, stika inabandikwa kwenye gunia. Zile stika nilijivunia sana. Mpangilio wa namba niliubuni mwenyewe: herufi ya ghala, tarehe, kisha zamu. Bechi ikipimwa ikapita, mstari wake kwenye skrini unakuwa wa kijani. Ikikataliwa, unakuwa mwekundu. Kwa bechi nyekundu msimamizi anajaza nafasi iliyoandikwa "Hatua iliyochukuliwa", kisha anabofya kitufe kilichoandikwa "Funga". Mstari unageuka kijivu na kuondoka kwenye ukurasa wa mbele.

Mnaona shida iko wapi? Mimi sikuiona. Mkaguzi wa nje naye hakuiona. Alikuja, akaomba rekodi za bidhaa zisizokidhi viwango za miezi 6, nikabofya mara mbili, zikatoka zote, zote zimefungwa. Akafurahi. Mwenye kiwanda akafurahi. Mimi nikalipwa pesa zangu, tukanywa soda.

Sasa tuje nyumbani. Mimi naishi Kaloleni, hapa Kisumu. Kwa wasioujua mji huu, Kaloleni ni mtaa wa zamani, si mbali na soko la Kibuye, lile ambalo Jumapili utapata chochote kuanzia mitumba mpaka vitanda. Waya wangu, yaani shangazi, dada ya baba, ana kibanda mtaani. Anauza omena, mafuta ya kupima, vitunguu, na njugu. Njugu za kukaanga anapima kwa kikombe. Za kusaga anauza kwa mikebe midogo, na hizo ndizo akina mama wanatia kwenye mboga za kienyeji na kwenye uji wa watoto.

Jumamosi moja nikapita kumsalimia. Akaniomba nimsogezee gunia lisilowe, mvua ilikuwa inakuja. Nikaliinama kulishika, nikaona kipande cha stika. Nusu imebanduliwa, nusu imebaki. Herufi ya ghala, tarehe, zamu. Sijui mtu mwingine anayepanga namba namna ile.

"Waya, gunia hili umelitoa wapi?"

"Kwa dalali, kule Kibuye. Mbona?"

"Alikuuzia pesa ngapi?"

Akanitajia. Ilikuwa karibu nusu ya bei ya soko.

"Hakukwambia ni za nini?"

"Alisema ni za kuchagua. Ukikaa ukachagua vizuri, nyingi zinafaa. Nami nimezichagua, nyathina. Macho yangu bado yanaona."

Nilikuwa na nakala ya hifadhidata kwenye laptopu. Nikatafuta ile namba. Bechi ilikataliwa kwa sababu ya aflatoksini. Hatua iliyochukuliwa: imeuzwa kama chakula cha mifugo. Hali: imefungwa. Aliyefunga: jina moja la mtumiaji ambalo wasimamizi watatu wa zamu walilitumia wote, neno la siri likiwa limeandikwa kwa kalamu ya wino pembeni mwa skrini.

Nikamweleza taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ninyi wenye mashine mmepima, mkaandika hazifai. Sasa mbona mliziuza?"

Sikuwa na jibu. Nikamlipa pesa za gunia, tukalifukia nyuma ya nyumba. Lakini lilikuwa limebaki robo. Robo tatu zilikuwa zimeshaliwa Kaloleni, na mimi mwenyewe nimo, kwa sababu kila nikimtembelea ananifungia mkebe wa kwenda nao.

Kwa wale watakaosema njugu za kuchagua ni jambo la kawaida, watu wamezila tangu zamani na hawakufa, tusimame hapa kidogo.

Aflatoksini, ambayo ndugu zetu Watanzania wanaiita sumukuvu, inatengenezwa na kuvu linaloota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine zikivunwa vibaya au zikihifadhiwa na unyevu. Hainuki. Haina ladha ya kukujulisha. Moto wa jikoni hauimalizi, kwa hiyo kukaanga si dawa. Kidogo kidogo kwa miaka mingi inaleta saratani ya ini. Nyingi kwa mara moja inaua ndani ya siku chache. Hilo tumeliona hapa Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, ambako mahindi yenye sumu hiyo yaliwagonjesha watu 317 na kuua 125 kati yao, kwa hesabu iliyofungwa Julai mwaka ule. Walipopima mahindi ya madukani na sokoni katika sehemu zile, asilimia 55 ya sampuli zilikuwa juu ya kiwango kilichoruhusiwa.

Kiwango cha Kenya leo ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo. Piga hesabu: gunia la kilo 90 linaruhusiwa kuwa na mikrogramu 900, yaani chini ya miligramu moja. Ni kama punje chache za chumvi katika gunia zima. Hakuna jicho la kuona kitu hicho, hata liwe la waya.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Sumu haijasambaa sawasawa ndani ya gunia. Inakaa kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu. Ndiyo maana viwanda vinachambua, kwa mikono au kwa mashine zenye kamera, na kuchambua kunasaidia kweli. Sasa fikiria. Ukitoa punje zenye sumu kwenye tani moja na kuziweka pembeni, lile rundo la pembeni limekuwa na nini? Limekusanya sumu ya tani nzima. Bidhaa iliyopita imekuwa safi zaidi, na iliyokataliwa imekuwa mbaya kuliko zilivyokuwa njugu zilipotoka shambani. Mfumo mzuri wa ubora unatengeneza vitu viwili kwa wakati mmoja: mkebe salama wa supamaketi, na gunia la hatari. Kama una mpango wa mkebe tu na huna mpango wa gunia, umechukua hatari ya mteja mwenye pesa ukaihamishia kwa mteja asiye nazo.

Na "chakula cha mifugo" si jibu la kufunga mjadala. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa. Maziwa yanakunywewa na nani? Na watoto wale wale.

Nikamwendea mwenye kiwanda. Alinikaribisha vizuri, nisimsingizie. Akaniambia: "Kijana, sisi tumefuata utaratibu. Tumepima, tumeandika, tumefunga. Mkaguzi ameridhika. Akishatoka getini na mzigo wake, dalali ni mtu mzima." Nikamwomba anilipe nibadilishe mfumo. Akasema atafikiria. Mkataba ulipokwisha haukuongezwa. Sikulalamika sana, maana ukweli ni kwamba kitufe cha "Funga" nilikiweka mimi. Yeye alikibofya tu.

Anaposema amefuata utaratibu, amekosea. Kiwango cha ISO 9001, toleo la 2015, kina kifungu cha 8.7 kinachohusu kitu hiki hasa. Wengi wanakisoma kama orodha ya fomu za kujaza. Soma tena. Kinataka bidhaa isiyokidhi itambulishwe na idhibitiwe ili isitumike wala kumfikia mtu bila kukusudiwa. Kinataja njia: kuirekebisha, kuitenga, kuizuia, kuirudisha, kusimamisha utoaji wake, kumjulisha mteja, au kupata ruhusa maalumu ya kuipokea ilivyo. Ukiirekebisha, unaipima tena. Na kumbukumbu lazima iseme kasoro ilikuwa nini, kilifanywa nini, ruhusa gani ilitolewa, na nani mwenye mamlaka aliyeamua. Kwa nini kiandike "kudhibitiwa" kama kinachotakiwa ni kuandika tu? Kumbukumbu ni ushahidi wa udhibiti. Sisi tumechukua ushahidi tukautupa udhibiti.

Watu wa Kisumu hatuna udhuru wa kutolijua hili, maana tulifundishwa kwa njia ya samaki. Wazee wanakumbuka. Mwanzoni mwa 1998 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu, kizuizi kikaondolewa katikati ya mwaka. Mwaka 1999 ikazuia tena, safari hii kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu ya wadudu ziwani. Uganda ilirudi sokoni mbele yetu. Kenya ilisubiri mpaka mwishoni mwa 2000. Baadhi ya viwanda vya minofu ya mbuta vilisimama, watu wakakaa nyumbani, bei pwani ikaanguka. Ili kurudi, ilibidi tujenge vitu ambavyo tungepaswa kuwa navyo tangu mwanzo: mialo yenye sakafu na barafu, maabara, viwanda vinavyochambua hatari hatua kwa hatua, na Idara ya Uvuvi kupewa mamlaka moja ya kuthibitisha. Mnofu unaokwenda Ulaya ukawa na historia yake kutoka mtumbwini mpaka sahani.

Vizuri. Sasa niulize: samaki aliyekataliwa kwenye mlango wa kiwanda kwa kuwa amelegea au barafu iliisha njiani, yeye historia yake iliandikwa na nani? Mtu yeyote wa mwambao huu anajua alikokwenda. Alirudi mjini. Mzungu alilindwa kwa makaratasi, jirani yangu akalindwa na pua yake. Kwa samaki walau pua inasaidia. Kwa njugu haisaidii.

Kabla hamjanirukia, sisemi kila kinachotoka kiwandani kikauzwa rahisi ni sumu. Kuna mgongo wazi. Kwa wasioujua, ni kichwa na mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kutolewa. Akina mama wa Obunga wanaikaanga, na imelisha familia nyingi na kusomesha watoto wengi katika mji huu. Mgongo wazi si bidhaa mbovu. Ni kitu kingine chenye jina lake na bei yake, na jina lenyewe linakwambia unanunua nini. Hakuna mama aliyewahi kununua mgongo wazi akidhani ni mnofu.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Ile ruhusa maalumu inayotajwa kwenye kiwango maana yake ni hii: bidhaa si kama ilivyopaswa kuwa, anayeipokea ameambiwa, amekubali, na hakuna atakayeumia. Biskuti zilizovunjika zikauzwa kwa jina la biskuti zilizovunjika, hakuna ubaya. Lakini stika yenye habari ikibanduliwa gunia likiwa njiani kwenda Kibuye, hapo hakuna aliyekubali kitu. Na sumu hata ukikubali hairuhusiwi.

Mkidhani haya ni mambo ya nchi maskini, tazameni Marekani. Kampuni iliyoitwa Peanut Corporation of America, yenye kiwanda Blakely katika jimbo la Georgia, ilikuwa inatoa bidhaa za njugu zenye bakteria wa salmonella. Mwaka 2008 na 2009 waliothibitishwa kuugua walikuwa 714, na vifo 9 vikahusishwa na mlipuko huo. Kesi ilipofika mahakamani ilionekana kwamba walikuwa wanapima. Maabara zilikuwepo, vyeti vilikuwepo. Ila mzigo uliondoka kabla majibu hayajarudi, na vyeti vingine vilikuwa vya kughushi. Bosi wao, Stewart Parnell, alihukumiwa miaka 28 jela mwaka 2015. Hawakukosa mfumo. Walikosa kitu cha kulizuia gari lisitoke getini.

Na kwetu? Mwanzoni mwa 2019 shirika letu la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu ya aflatoksini. Novemba mwaka ule ule ikawa zamu ya chapa tano za unga wa mahindi. Magazeti yakaandika, watu wakasambaziana picha za paketi. Nilifurahi kwamba kuna aliyepima. Lakini swali la waya lilinirudia: zile tani zilizotolewa kwenye rafu zilikwenda wapi? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mfumo wowote wa kuondoa bidhaa sokoni unapaswa kulijibu, kwa kilo.

Basi niseme ninachotaka, tusimalize kwa kulaumu tu. Haya ni mambo ambayo mtengenezaji programu anaweza kuyaweka bila kungoja sheria mpya.

Kwanza, rekodi ya bidhaa mbovu ifungwe kwa mizani, isifungwe kwa kitufe. Kilo zilizokataliwa lazima zilingane na kilo zilizorudishwa, jumlisha zilizorekebishwa na kupimwa tena, jumlisha zilizouzwa kwa matumizi mengine, jumlisha zilizoharibiwa. Zisipolingana mstari unabaki mwekundu. Ni hesabu ya darasa la nne, na kwenye hifadhidata ni mistari michache tu. Mimi sikuiandika kwa sababu hakuna aliyeniomba.

Pili, kila njia ya kutokea iwe na ushahidi wake. Imerudishwa kwa mkulima au mfanyabiashara? Saini ya aliyepokea na uzito alioupokea. Imeuzwa kwa matumizi mengine? Jina la mtumiaji wa mwisho, si la dalali, pamoja na kipimo kinachoonyesha inafaa kwa matumizi hayo. Imeharibiwa? Uzito, picha, na mashahidi wawili. Nafasi ya kuandika maneno yoyote unayotaka, kama ile "Hatua iliyochukuliwa" yangu, ni mwaliko wa kuandika hadithi.

Tatu, jina moja ni mtu mmoja. Neno la siri la kushirikiana lifutwe leo. Na anayehesabiwa kwa tani alizotoa asiwe ndiye anayeachilia bechi iliyokataliwa. Dada wa maabara awe na kufuli ambalo msimamizi wa zamu hawezi kulifungua, hata bosi akiwa amesafiri.

Nne, zuieni kweli. Mfumo unaotoa onyo, mtu akabofya "Sawa" na kuendelea, ni pambo. Namba ya bechi nyekundu ikisomwa getini, karatasi ya kutoa mzigo isichapike. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida anaweza kusimamisha mstari wa magari. Sisi tunashindwa kusimamisha mkokoteni?

Tano, na hili halihusu kompyuta: ukiamua gunia halifai kuliwa, libadilishe sura kabla halijatoka. Katika nchi nyingi nyama iliyokataliwa machinjioni inatiwa rangi ili asitokee mjanja akaiuza usiku. Njugu za bluu hakuna dalali atakayezipeleka Kibuye. Stika inabanduka. Rangi haibanduki.

Sita, tafuteni chanzo. Kama bechi za mfanyabiashara mmoja zinakataliwa kila msimu wa mvua, tatizo ni ukaushaji, na mfumo unalijua hilo kabla ya mtu yeyote. Pimeni gunia likiwa bado mlangoni, kabla halijalipiwa. Kuna vifaa vya kupima vinavyotoa majibu kwa dakika. Chukueni sampuli kubwa na kuichanganya vizuri, maana kama nilivyosema, sumu imekaa kwenye punje chache, na konzi moja itakudanganya.

Najua mtakaloniambia, maana nimeshaambiwa mara nyingi.

Mtasema ni ghali. Kweli, kuharibu tani moja ya njugu kunauma, na kiwanda kidogo kinaweza kulia. Lakini gharama hiyo haikuondoka ulipomuuzia dalali. Ilihama. Imelipwa na mtu mwenye kibanda, na italipwa tena hospitalini na mtu ambaye hatajua ini lake liliharibika kwa nini. Ukipima mlangoni kabla ya kulipa, hasara inarudi mahali ambapo inaweza kurekebishwa.

Mtasema kwetu chakula hakitupwi. Nami nililelewa hivyo hivyo, nimechapwa kwa kubakisha ugali. Lakini kilichokataliwa kwa sumu si chakula tena. Anayekiita chakula ndiye anayeidharau desturi yetu.

Na wenzangu wa programu mtasema: kazi yetu ni kuandika alichoomba mteja, ya gunia hatuyajui. Nilisema hivyo mimi pia, kwa miezi. Lakini tunajua sana kusifiwa mfumo ukisaidia. Hakuna aliyewahi kusema "hiyo si kazi yangu" siku ya kupigwa picha na mteja. Tukikubali sifa tukubali na hili: kitufe kikimwezesha mtu kuficha tani moja ya sumu kwa mbofyo mmoja, aliyekichora ana sehemu yake.

Waya bado anauza. Njugu sasa anazinunua zikiwa na maganda kwa mama mmoja anayemjua, na bei yake imepanda kidogo. Baadhi ya wateja walimhama wakaenda kibanda cha pili ambako bado ni rahisi. Sijui cha kuwaambia wateja hao. Siwezi kusimama njiani nikimwonyesha kila mtu hifadhidata.

Ila wewe unayesoma hapa, kama unasimamia mfumo wa namna hii popote ulipo, nakuomba jambo moja. Kesho asubuhi toa rekodi 10 za mwisho za bidhaa mbovu zilizofungwa. Chukua simu, uliza kila moja: kilo zile ziko wapi sasa? Ukipata jibu kwa zote 10, niandikie unicheke, nitafurahi. Usipopata, zifungue tena.

Haya, tukutane wiki ijayo. Zile simu sijazisahau.